Riwaya nayo inataka darsa

Podikasti za kuwatia moyo waandishi zimekuwa nyingi, pengine zinawazidi waandishi wenyewe. Fungua simu usiku, tafuta chochote kinachohusu uandishi, zitakumiminikia. Moja inakwambia uamke alfajiri uandike maneno 1,000 kabla hujapiga mswaki, nyengine inakuhimiza usiuogope ukurasa mtupu, ya tatu imemwalika mtu aliyeuza vitabu vingi anawasimulia wachapishaji waliomkataa kabla mambo hayajamnyookea. Unasikiliza dakika 50, unajiona mwandishi, unalala. Asubuhi riwaya yako imekaa pale pale sura ya tatu, mhusika mkuu bado amesimama mlangoni hajui aingie au arudi.

Sisemi zifutwe. Aliyekata tamaa anahitaji wa kumshika mkono, na huku kwetu kuandika ni kazi ya upweke. Jirani akikuona umeinamia daftari anakuuliza unasomea mtihani gani. Ila kutiwa moyo ni jambo moja na kufundishwa ni jambo jengine, na podikasti nyingi zinauza la kwanza kwa jina la la pili. Kipimo changu ni chepesi. Je, ndani ya kipindi kuna kitabu kilichofunguliwa? Kuna mtu aliyesoma aya moja kwa sauti, akasimama, akauliza: hapa mwandishi kafanyaje? Kama hakuna, hayo ni mazungumzo ya barazani, na baraza Unguja na Pemba hatujazikosa.

Katika zile za Kiingereza zipo mbili ambazo ningemwambia kijana yeyote azitafute, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni Writing Excuses. Ilianza 2008 ikiongozwa na waandishi wa Marekani, Brandon Sanderson, Dan Wells na Howard Tayler. Mary Robinette Kowal akajiunga baadaye, na 2013 ikapata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na fantasia. Kaulimbiu yao ya zamani ni ya mzaha: kipindi ni cha dakika 15 kwa sababu wewe una haraka na wao si werevu kiasi hicho. Hawaishii kwenye hizo 15 kila mara, lakini mwendo ni ule ule: wanachukua jambo moja la ufundi, wanalipekua, na mwisho wanakupa kazi ya nyumbani. Kazi hiyo ndiyo inayoitenga podikasti hii na kundi zima la wahamasishaji. Usipoifanya, umesikiliza redio tu.

Faida nyengine haisemwi sana. Vipindi vyao vingi vina maandishi yake, neno kwa neno, bure. Wengi wetu Kiingereza tunakisoma vizuri kuliko tunavyokisikia, na Mmarekani akikolea hamsubiri mtu. Soma kwanza, sikiliza baadaye, na ile sehemu ya kupunguza kasi kwenye simu haikuwekwa kwa mapambo. Kuhusu bando, sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kiasi cha MB 14 kwa dakika 15, na kama MB 58 kwa saa nzima. Video ya mazungumzo hayo hayo itakula mara kadhaa ya hizo, na utakachokiona ni watu wawili wamevaa visikilizio. Pakua sauti, achana na nyuso zao.

Ya pili ni podikasti ya hadithi ya jarida la The New Yorker, inayoongozwa na Deborah Treisman, mhariri wa hadithi wa jarida hilo. Ipo tangu 2007. Anaalikwa mwandishi, anachagua hadithi fupi iliyowahi kuchapishwa humo, ya mtu mwengine na si yake, anaisoma yote kwa sauti, kisha yeye na mhariri wanakaa wanaifungua. Kwa nini hadithi imeishia pale? Kwa nini mama hakupewa jina? Kile kikao cha chakula kina kazi gani? Hapana hotuba ya kukutia moyo hata sentensi moja, na ukimaliza unakuwa na hamu ya kuandika kuliko baada ya hotuba kumi.

Mtu aliyekulia Zanzibar umbo hili halimshangazi, maana ni darsa. Baada ya Magharibi msikitini, mwanafunzi anasoma mstari wa kitabu, sheikh anamsimamisha, anatoa maana, anaeleza kwa nini limetumika neno hili na si lile lililo karibu yake, pengine anakumbusha mwanachuoni fulani alikuwa na rai tofauti, kisha: haya, endelea. Kitabu kimoja kinaweza kuchukua miaka. Hakuna anayemwambia sheikh harakisha, tutajie dhamira. Na walio nyuma, ambao hawana kitabu mkononi, wanafuata kwa sikio na wanafahamu. Masikio yetu yamefunzwa kusikiliza matini ikifunguliwa polepole. Kitu hicho hatujawahi kukifanyia riwaya.

Tulichoifanyia riwaya ni uhakiki wa mtihani. Maelezo ya vitabu kwa Kiswahili yamejaa mtandaoni, ya sauti na ya video, na karibu yote yametengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi wa skuli. Mwalimu anakata kitabu mapande mawili, fani huku na maudhui kule, halafu anateremka orodha: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwanafunzi anakariri, anajibu, anafaulu. Kwa kazi hiyo sina neno, walimu wale wanawasaidia watoto ambao pengine skuli yao ina nakala mbili za kitabu kwa darasa zima. Tatizo linaanza pale ambapo hiyo ndiyo njia pekee ya kusoma tunayoijua.

Chukua Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999 na ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wamepita nayo. Swali la mtihani litakuwa jadili dhamira ya ukombozi, au jadili nafasi ya mwanamke. Swali la mwandishi liko mbali na hapo. Hiki ni kitabu cha siasa, cha vijana wanaopambana na utawala wa Kiingereza Unguja. Mbona Shafi hakutufungulia mlango kwa Denge na wenzake? Ametuingiza kwa Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza asiyempenda. Amepata nini kwa kuanzia hapo?

Jibu langu ni kuwa amepata mtu asiyejua siasa, ambaye sisi tunajifunza pamoja naye. Kabla ya kuambiwa nchi inataka kujitoa mikononi mwa mtu, tumeshamwona msichana mmoja akijitoa mikononi mwa mtu, na tumeshaiona bei yake: jamaa zake wanamgeuzia mgongo, na anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Unguja. Denge anapokuja na maneno makubwa, maneno hayo yanatua juu ya kitu ambacho tayari kinauma. Mwengine atanipinga, atasema Shafi alitaka tu kuwavuta wasomaji kwa mapenzi kwanza. Sawa, tubishane. Ubishi huo una faida kwa yule mwenye sura ya tatu iliyokwama, kwa sababu atarudi kwenye mswada wake ajiulize: mbona mimi nimeanza na kiongozi wa mgomo anahutubia, nisianze na mkewe anayehesabu unga uliobaki?

Hasara ya kukosa maswali hayo inaonekana kwenye miswada. Vijana waliofunzwa kusoma kwa kuwinda dhamira, wakikaa kuandika wanaanza na dhamira. Nikipewa mswada niusome, mara nyingi naweza kukisia mapema ni mada ipi ya mtihani iliyouzaa. Mhusika akifungua mdomo anatoa ujumbe. Mwovu anaadhibiwa mwisho ili falsafa ya mwandishi isiwe na utata, na kama kuna mzee mwenye hekima basi methali hazimkauki. Hawa si watu wasio na kipaji. Wameandika majibu ya mtihani kwa sababu ndiyo maandishi pekee waliyoonyeshwa yakipewa alama.

Kwa hiyo kitu cha kuchukua kwa akina Treisman na Sanderson ni swali lao. Majibu yao tuyapokee kwa tahadhari, maana mengi yamefungwa na lugha yao. Wanapenda sana kuwaonya wanafunzi wao wapunguze vielezi. Kwa Kiingereza ni nasaha nzuri. Mwandishi wa Kiswahili akiibeba ilivyo atakata na tanakali: giza totoro, kimya jii, kanzu nyeupe pepepe, mtu kaanguka pu. Hapo atakuwa amejikata mshipa. Sisi kazi yetu ni kujua tanakali ipi imechakaa na ipi bado inalia, na hilo mwalimu wa Utah, Marekani, hawezi kukufundisha.

Halafu kuna mnyororo wa "ka". Akaja, akakaa, akavua viatu, akaomba maji, akanywa. Kila msimulizi wa Kiswahili anaujua, na kila mwandishi mchanga anaupanda mpaka unamtupa. Wapi uukate kwa "alikuwa"? Wapi uingize "hu" ya mazoea ili msomaji ajue hili halikutokea leo tu, hutokea kila siku? Wapi useme "huyoo, mbio" bila ya kitenzi chochote, na msomaji akamwona mtu anakimbia? Mafundi wetu wameyatatua hayo kila mmoja kwa njia yake, na majibu yamo vitabuni, hayajatolewa tu. Kipindi kizima cha nusu saa juu ya "ka" peke yake, na aya tatu za waandishi watatu zikisomwa kwa sauti, kingewafaa watu kuliko mahojiano yote ya mwaka.

Na pale tunapoanguka zaidi ni kwenye mazungumzo ya wahusika. Mvuvi wa Makunduchi anaongea kama msoma taarifa ya habari. Bibi wa Tumbatu anamfokea mjukuu kwa Kiswahili cha gazeti. Mwandishi anaogopa, labda kwa sababu mwalimu alimkatia alama, labda anahofia msomaji wa Dodoma hatafahamu. Ni uoga wenye sababu, lakini sikio lingeutibu. Kwenye sauti unaweza kumsikilizisha mtu Mpemba anavyokata neno, ukamwonyesha kuwa maneno mawili tu ya lahaja katika sentensi sita yanatosha kumweka mhusika kijijini kwake, na hakuna msomaji anayepotea. Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu aliyefariki 2021, ukimsoma kimya unapata nusu. Karatasi haina namna ya kukupa nusu ya pili. Kipaza sauti kinayo.

Najua watakaosema mwandishi hujifunza kwa kusoma, mambo ya kusikiliza ni uvivu. Kusoma hakuna mbadala, hilo tumekubaliana. Lakini kitabu cha riwaya Pemba ukitafute, usikiombe tu. Na hata mwenye nacho ana saa nyingi ambazo macho na mikono vimeshikwa na kazi, masikio yako wazi. Anayeshona kofia ya viua anakaa na kitambaa kile wiki nyingi. Msimu wa karafuu ukifika, familia nzima inakaa usiku kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, na mazungumzo hayakatiki. Wanaosuka ukili hali kadhalika. Hao ndio wasikilizaji, na baadhi yao ndio waandishi. Mwenye kukaa ofisini mbele ya kompyuta asikilizie nini? Yeye aandike.

Wala hadithi ya masikioni si ngeni. Wazee wetu waliisubiri Pwagu na Pwaguzi ya Redio Tanzania kama mtu anavyosubiri boti, na Sauti ya Ujerumani ilipoanza michezo ya Noa Bongo mwaka 2008 haikuhitaji kumfundisha yeyote namna ya kuisikiliza. Redio ilitufanya wasikilizaji wa hadithi. Hatua ambayo haikupigwa ni kumgeuza msikilizaji awe fundi.

Tuzo nazo zimekuja. Ile ya Kiswahili iliyoasisiwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imempa ushindi wa ushairi Mpemba, Mohammed Khelef Ghassany, mwaka 2015. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ilianza kugawiwa 2023. Nazipongeza zote. Lakini tuzo humlipa aliyekwisha kufika. Anayehangaika njiani, ambaye hana mhariri wala rafiki mwenye subira ya kusoma kurasa 200, tuzo inamwambia tu kuna mlima, panda.

Basi nani aifanye podikasti ya namna hii? Fedha si kikwazo kikubwa kama tunavyodhani. Simu ya kawaida, chumba chenye mazulia na mapazia, na mtu mmoja anayejua kukata sauti vinatosha kuanzia. Sheria ndiyo ya kuangaliwa mapema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka Tanzania mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000 nyengine, na ziliwatisha wengi. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini anayeanza asiende kwa kusikia. Aulize TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Tume ya Utangazaji Zanzibar kabla hajarusha kitu. Hakimiliki vilevile. Kusoma aya mbili ili uzichambue ni jambo jepesi, kusoma hadithi nzima kunataka ruhusa ya mwandishi au warithi wake, na Zanzibar ina ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA.

Njia rahisi ni kuwapa kazi hii waliokwisha kuwa na jina na vyumba. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina wataalamu wa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lipo. Shirika la utangazaji, ZBC, lina studio na lina sauti za zamani ambazo mtu akizisikia atalia. Wasiwasi wangu ni mmoja: vyombo hivi vikishika jambo, hulipenda lifunguliwe na mgeni rasmi. Kipindi cha kwanza kitakuwa hotuba, cha pili umuhimu wa lugha yetu katika maendeleo, cha tatu hakitakuwapo. Afadhali walimu wawili na mwandishi mmoja wajifungie wenyewe, chuo kiwape chumba na kiwaache.

Na waahidi vipindi kumi tu. Podikasti nyingi hufa kwa sababu zimeahidi milele. Longform, iliyokuwa ikiwahoji waandishi wa makala ndefu Marekani tangu 2012, ilikuwa na fedha na wasikilizaji, na bado 2024 ilifunga. Kumi zikimalizika, zinabaki. Mtu wa Wete atakayezipata miaka sita baadaye atajifunza sawasawa na aliyezisikia juzi.

Kipindi cha kwanza ningempa Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, anatembea na rafiki yake Najum, na nusu saa nzima iende kwenye swali moja: Najum yuko kitabuni kufanya nini? Mwandishi amempa kazi ya kuuliza yale ambayo msomaji angeuliza, na ya kukosea ambapo msomaji angekosea, kwa hiyo tunapodanganywa tunadanganywa wawili na hatuoni haya. Zisomwe kurasa mbili, pachunguzwe kila mahali Najum anapofungua mdomo. Kazi ya nyumbani: toa mhusika mmoja msaidizi kwenye mswada wako, soma tena, angalia kama kuna kitu kimeanguka.

Wapo watakaotaka tuanze na Abdulrazak Gurnah, kwa heshima ya Nobel ya 2021. Hotuba yake ya kupokea tuzo hiyo, aliyoisoma mwenyewe Disemba mwaka huo na ambayo inahusu namna alivyokuja kuandika, inapatikana kwa sauti, na naisifu kwa yeyote mwenye Kiingereza cha kutosha. Lakini yeye kaandika kwa Kiingereza, na darsa yetu ni ya sentensi za Kiswahili. Tumweke wa pili, kwa kupitia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022, na aalikwe mfasiri mwenyewe. Afungue ukurasa wowote alioteseka nao, atusomee sentensi alizozitupa kabla ya kuipata ile iliyochapishwa, na atwambie kila moja aliitupa kwa kosa gani.